Nafsi Isiyojijua: Freud, Jung, Klein na Lacan Wanaachana Wapi?

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: ile sehemu ya nafsi inayofanya kazi bila mwenyewe kuwa na habari, ambayo vitabu vyetu vya uhakiki huiita ung'amuzi bwete. Wanne waliotajwa juu ni wataalamu wa uchambuzi wa nafsi walioijengea nadharia. Tumechagua maswali sita. Mawili tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayowakwaza wengi.

Nasoma ushauri nasaha, mwaka wa pili, Dodoma. Tumepewa swali la kulinganisha nadharia za ung'amuzi bwete. Vitabu vinamleta Freud, kisha Jung, kisha Klein, kisha Lacan, kana kwamba wanapokezana kijiti. Nilinganishe kwa kigezo gani?

Usilinganishe majina ya sehemu za nafsi. Ukipanga Idi (tamaa ghafi), Ego (msimamizi) na Supaego (hakimu wa ndani) za Freud upande huu, na Kivuli (upande wetu tusioukubali) na Anima (sura ya kike ndani ya mwanamume) za Jung upande ule, utabaki na orodha mbili zisizokutana popote. Waulize wote wanne maswali yaleyale: Ndani mna nini? Kiliingiaje? Kinajitokezaje? Na kikijitokeza, mtaalamu akifanyie nini? Wote wanakubali kwamba binadamu hutenda mengi kwa sababu asizozijua. Ugomvi wao mkubwa uko kwenye swali la pili, na majibu ya maswali mengine yanategemea hilo.

Sigmund Freud ana mifano miwili ya nafsi, yaani michoro ya jinsi ilivyopangika, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Wa kwanza umo katika sura ya saba ya kitabu chake cha ndoto, kilichotoka Novemba 1899 kikiwa kimeandikwa mwaka 1900, na aliufafanua tena kwa makala ya 1915. Humo nafsi ina mifumo mitatu: fahamu, kabla ya fahamu, na ung'amuzi bwete. Jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza hukuwa unaliwaza dakika moja iliyopita, lakini ukiulizwa linakuja. Hilo lilikuwa kabla ya fahamu tu. Ung'amuzi bwete ni yale yaliyokandamizwa, yaani yaliyosukumwa nje ya fahamu, na ukandamizaji si tendo la mara moja: nguvu inatumika kila siku ili yasipande. Yaliyo humo hayajui "hapana", hayajui jana wala kesho, na matakwa mawili yanayopingana hukaa pamoja bila kugombana. Katika ndoto, uso mmoja unaweza kufumbata watu watatu. Uzito wa jambo kubwa unaweza kuhamia kwenye jambo dogo lisiloshukiwa. Mambo haya mawili, ufumbatisho na uhamishaji, yashike vizuri, maana Lacan atayarudia.

Mfano wa pili ni wa 1923, na ulizaliwa na tatizo la kochini, pale mgonjwa anapolala akizungumza. Mgonjwa anapokaribia jambo lililofichwa hunyamaza, hubadili mada, husahau siku ya miadi, na hana habari kabisa kwamba anakwepa. Huo ndio ukinzani. Anayekwepa ni Ego, yaani upande uleule unaokandamiza. Maana yake ni kwamba mkandamizaji naye ana sehemu asiyoijua, na mstari kati ya kinachojulikana na kisichojulikana hauwezi tena kumtenganisha mkandamizaji na kilichokandamizwa. Ndipo Freud akaleta Idi, Ego na Supaego. Basi usiandike kamwe kwamba Idi ndiyo ung'amuzi bwete na Ego ndiyo fahamu. Idi yote haijulikani, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya Ego na ya Supaego nayo haijulikani. Mtu anayejiharibia mambo kila anapofanikiwa, bila kuhisi kosa lolote, kwa Freud anasukumwa na hatia ya Supaego asiyoijua.

C. G. Jung alikubali kwamba yako yaliyokandamizwa, akayaita ung'amuzi bwete wa mtu binafsi. Chini yake akaweka tabaka jingine la watu wote, alilolipa jina mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kuachana na Freud. Yaliyomo humo hayakukandamizwa na mtu, kwa kuwa hayakuwahi kuwa kwenye fahamu. Mtu huzaliwa nayo. Kwa tabaka hili swali "kiliingiaje?" linajibiwa kwa neno moja: hakikuingia. Angalizo moja tu: Jung hasemi kwamba tunarithi picha. Tunarithi mielekeo ya kuunda picha za namna fulani, ndiyo vikale, na picha zenyewe hutoka kwenye maisha na utamaduni wa mtu.

Melanie Klein alizaliwa Vienna mwaka 1882 na akahamia London mwaka 1926. Alifanya kazi na watoto wadogo kwa kutumia vichezeo vidogo, kila mtoto na droo yake. Kwake ung'amuzi bwete haungoji ukandamizaji. Unaanza na pumzi za kwanza, kwa njozi ambazo mwili wenyewe unazileta: titi linaloshibisha ni titi jema, titi lisilokuja ni titi baya linalomshambulia mtoto. Katika miezi 3 au 4 ya mwanzo mtoto huyatenga hayo mawili mbali kabisa, na ukali wake mwenyewe huutupa nje na kuuona kwa mwingine. Baadaye katika mwaka huohuo hugundua kwamba mama aliyemchukia ndiye mama anayempenda, na hapo huja huzuni na hofu kwamba amemdhuru. Klein aliziita hali hizi mkao, si hatua, kwa sababu mtu mzima hurudi humo maisha yake yote. Ukiandika "hatua" msahihishaji makini atakukata.

Jacques Lacan yeye alisema anarudi kwa Freud. Kauli yake inayojulikana zaidi ni kwamba ung'amuzi bwete umeundwa kama lugha. Mtoto anakuta maneno yamekwisha kuwapo: jina lake, ukoo wake, yale ambayo wazazi walimtakia kabla hajazaliwa. Akiingia kwenye maneno hayo anapata nafasi kati ya watu, na kuna kitu anakipoteza ambacho hakitasemeka tena. Kwa msaada wa kazi za mwanaisimu Roman Jakobson, alisema ufumbatisho wa Freud ni sitiari na uhamishaji ni metonimia, yaani kukitaja kitu kwa jina la kinachoambatana nacho. Wengi humwelewa vibaya hapa. Hasemi kwamba ndani ya nafsi kuna mtu anayeongea Kifaransa au Kiswahili. Anasema vipande vya maneno hushikana na kubadilishana nafasi kwa kanuni zake, bila kujali mwenye kinywa alikusudia nini.

Swali la nne linaonekana hata kwenye saa na viti. Freud alimwona mgonjwa karibu saa nzima, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu, mgonjwa amelala na yeye ameketi nyuma yake. Jung alipendelea viti viwili vinavyotazamana na siku chache zaidi. Lacan alikatiza kikao pale neno zito lilipotamkwa, hata kama dakika zilikuwa chache, na jambo hilo lilichangia aondolewe kwenye orodha ya wakufunzi wa chama cha kimataifa cha wachambuzi wa nafsi mwaka 1963. Yote hayo yanatokana na nadharia. Anayeamini kwamba kilichofichwa hutoka polepole kwa kushinda ukinzani anahitaji siku nyingi. Anayeamini kwamba kinapita kwenye neno moja anahitaji kulidaka neno hilo lisizikwe na mazungumzo.

Nafundisha sekondari Mombasa. Freud anasema kusahau jina kuna sababu iliyofichwa. Mimi nasahau majina kila siku. Kuna mfano mmoja ulioelezwa hatua kwa hatua?

Upo, na ni wa Freud mwenyewe, wa mwaka 1898. Alikuwa safarini kutoka Ragusa, mji ambao leo ni Dubrovnik, kuelekea Herzegovina, akiongea na msafiri asiyemfahamu. Akataka kumtaja mchoraji wa picha za Siku ya Mwisho zilizo katika kanisa kuu la Orvieto, Italia. Jina ni Signorelli. Halikuja. Yakaja mawili, Botticelli na Boltraffio, naye akajua yote mawili si yenyewe.

Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wakiongea juu ya Waturuki wa Bosnia, ambao daktari akiwaambia kwamba mgonjwa wao haponi hujibu: "Herr, tuseme nini? Angeweza kuokolewa ungemwokoa." Herr ni "Bwana" kwa Kijerumani. Freud alikuwa na habari nyingine ya kusimulia, kwamba watu haohao huona maisha hayana thamani tena nguvu za kiume zikiisha, lakini akaimeza kwa kuwa anaongea na mgeni. Wazo hilo lilikuwa limegusana na jingine zito zaidi: alipokuwa Trafoi, kijiji cha milimani, alipata habari kwamba mgonjwa wake mmoja amejiua.

Sasa tazama vipande. Signor ni Kiitaliano cha Herr, na Herr ndiyo imo ndani ya Herzegovina na ndani ya maneno ya wale Waturuki. Alipoizuia mada ya kifo na unyumba, Signor ikazama nayo. Mwisho wa jina, elli, ukabaki ukatokea kwenye Botticelli. Bo ya Bosnia ikaingia kwenye Botticelli na Boltraffio. Na traffio ni Trafoi. Hakuna aliyekusudia kulisahau jina la mchoraji. Alikusudia kusahau kitu kingine, na jina likaburutwa nacho.

Lacan aliupenda sana mfano huu kwa sababu kilichozama ni kipande cha neno, wala si sura ya mchoraji. Freud anaeleza kwamba picha zenyewe zilimjia wazi kuliko kawaida wakati jina halipo.

Upande wa pili nao usikilizwe. Mwaka 1974 Sebastiano Timpanaro, Mwitaliano aliyebobea katika kusahihisha maandiko ya kale, alisema makosa ya aina hii wanakili wa miswada waliyafanya kwa maelfu bila siri yoyote: jina lisilozoeleka humezwa na lililozoeleka linalofanana nalo kwa sauti. Botticelli ni maarufu kuliko Signorelli, basi. Hoja yake ni nzito. Tunavyoona sisi, haimalizi suala la Boltraffio, ambaye si maarufu kuliko Signorelli, ingawa Timpanaro alimweleza kama jaribio la kujisahihisha lililokwenda kombo.

Kwa majina yako wewe, kanuni ni rahisi. Freud hakudai kwamba kila usahaulifu una ukandamizaji nyuma yake. Uchovu na majina yanayofanana vinatosha kueleza mengi. Mtilie shaka yule anayesahauliwa mara kwa mara ilhali unamfahamu vizuri, hasa kama jina jingine lisilo sahihi linang'ang'ania mahali pake.

Babu ana kitabu cha tafsiri ya ndoto: nyoka ni adui, maji ni riziki. Freud na Jung si walifanya hivyohivyo kwa maneno ya kizungu? Msomaji, Tanga.

Hapana, ingawa Freud ana lawama yake hapa. Toleo la kwanza la kitabu chake lilitilia shaka njia ya kamusi, inayompa kila mwotaji maana ileile. Katika matoleo yaliyofuata aliongeza alama nyingi zenye maana ya kudumu, na watu wamekumbuka hizo kuliko mbinu yake.

Tuichukue ndoto moja ya kubuni tuipitishe kwa wote wanne. Binti wa miaka 26 amepata kazi Mwanza. Wiki moja kabla ya safari anaota: "Nimesimama uani kwa mama nimeshika begi. Kaa mkubwa yuko kizingitini. Nataka kumruka, miguu haitaki."

Mfuasi wa Freud atafanya hivi. Ataacha ndoto isimuliwe yote bila kuikatiza, kisha ataomba isimuliwe tena. Pale ambapo maneno yamebadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili ndipo pazia lilipo jembamba, na hapo ndipo aanzie. Kisha ataikata vipande: ua, begi, kaa, kizingiti, miguu. Kwa kila kipande atauliza, "Kinakuletea nini?" na binti atasema lolote linalokuja, hata la aibu, hata la kipuuzi. Atatafuta mabaki ya jana. Pengine alipita soko la samaki akaona matenga ya kaa. Mabaki hayo ni chombo tu, maana hitaji linalosukuma ndoto ni la zamani. Mwisho atatazama minyororo ya mawazo inapokatana. Tuseme inakatana kwenye siku dada mkubwa aliporudishwa nyumbani asiolewe mbali, na binti alimwonea wivu kwa kubembelezwa. Basi hitaji ni hili: nizuiwe, ili nibaki bila mimi kuwa niliyekataa. Haliwezi kusemwa mchana kwa kuwa amekwisha watangazia wote kwamba anataka kwenda.

Jung hatakubali kumwacha yule kaa. Alilalamika kwamba uhusishaji huru, yaani huko kusema lolote linalokuja, utakufikisha kwenye fundo la hisia la mtu hata ukianzia kwenye tangazo la ukutani, kwa hiyo haukuelezi ndoto hii imesema nini. Yeye angezunguka palepale: kaa ni mnyama gani? Anatembea kando, anaishi kwenye mpaka wa bahari na nchi kavu, mgumu nje na laini ndani, na ili akue lazima avue gamba na kwa muda abaki bila kinga. Kisha angeuliza ndoto inafidia nini. Kama mchana binti anajionesha shupavu kabisa, ndoto inamleta yule wa ndani asiye na gamba. Na angengoja ndoto zinazofuata, maana hakuamini sana tafsiri ya ndoto moja peke yake.

Mfuasi wa Klein angetazama magando. Ya nani? Huenda ni hasira ya binti mwenyewe dhidi ya mama, iliyotupwa nje ikakaa mlangoni mwa mama. Miguu inakataa kwa sababu kuondoka kumekuwa sawa na kumwumiza. Angesikiliza pia kama binti anamwogopa mtaalamu naye kwa namna hiyohiyo, leo, ndani ya chumba, kwa sababu njozi hazikai zamani.

Lacan angesikia neno. Kaa. Tuseme kila binti alipoaga, mama alisema, "Kaa kwanza, mwanangu." Ndoto haikumhitaji mnyama wa baharini, ilihitaji picha inayoweza kubeba amri ambayo haichoreki. Freud naye alikwisha sema kwamba ndoto isomwe kama fumbo la picha, mahali ambapo picha husimama badala ya sauti. Swali la Lacan lingeendelea: kwa "kaa" hiyo mama anataka nini hasa kwangu?

Mbinu hizi huharibika wapi? Ya Freud huharibika mtaalamu anapochagua mnyororo unaompendeza na kuiacha mingine. Ya Jung, anapomwaga hekaya za dunia nzima juu ya ndoto ya mtu mmoja hadi mwotaji anapotea. Ya Klein, anapomwambia mtu "una hasira" kabla mtu hajaleta chochote kinachoonesha hivyo, kisha akahesabu ukanushaji kuwa uthibitisho. Ya Lacan, pale mzaha wa maneno unapotoka kinywani mwa mtaalamu. Neno lazima liletwe na mwotaji. Kipimo kizuri ni kile alichokiweka Freud mwaka 1937: "ndiyo" ya mgonjwa peke yake haina thamani kubwa, na "hapana" yake vilevile. Tafsiri imegusa kitu ikiwa baada yake zinakuja kumbukumbu mpya ambazo hakuna aliyeziuliza.

Niko Mbale, chini ya Mlima Elgon. Ni kweli Jung alifika huku? Alipata ushahidi wowote wa huo ung'amuzi bwete wa watu wote?

Alifika. Mwishoni mwa 1925 alishuka Mombasa, akaenda Nairobi, na kutoka hapo akafika Elgon, ambako alikaa na kuongea na wazee. Jambo alilolikumbuka zaidi lilikuwa jibu la mganga mmoja mzee aliyeulizwa kuhusu ndoto. Alisema waganga wa zamani waliota, wakajua kama vita au maradhi yanakuja, lakini tangu Waingereza waje ndoto hazihitajiki tena, kwa sababu mkuu wa wilaya anajua kila kitu.

Jung alilisoma jibu hilo kama dalili ya watu waliopoteza mwongozo wao wa ndani. Sisi tunaona kwamba linasema jambo jingine waziwazi: mamlaka ya kikoloni yalikuwa yamechukua mahali pa ndoto. Hilo ni jambo la utawala, na nadharia ya vikale haina pa kuliweka.

Ushahidi aliopenda kuutaja ulitoka hospitali ya Burghölzli, Zurich. Mgonjwa mmoja alisema jua lina uume na kwamba upepo unatoka humo. Baadaye Jung akakuta sura kama hiyo, ya mrija unaoning'inia juani, katika maandiko ya kale ya ibada ya mungu Mithras yaliyohaririwa na Albrecht Dieterich, toleo la 1910. Alilitegemea toleo hilo kuonesha kwamba mgonjwa hakuweza kuyasoma. Tatizo ni kwamba lilikuwa toleo la pili. La kwanza lilitoka 1903. Watetezi wake hujibu kwamba mgonjwa alikuwa amelazwa kabla ya hapo. Hata hivyo, nguzo moja ya aina hii haibebi nadharia ya binadamu wote, kwa kuwa mtu anaweza kusoma au kusikia kitu, akasahau kabisa alikitoa wapi, na kikarudi kama chake.

Aliyemjibu Jung kwa nguvu zaidi ni Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique, katika kitabu chake cha 1952. Kwa Fanon ung'amuzi bwete wa watu wote upo, ila haukurithiwa katika damu. Ni jumla ya chuki, hekaya na mitazamo ambayo jamii fulani imemlisha mtoto. Mtoto mweusi wa Martinique aliyesoma hadithi za wavumbuzi na "washenzi" alijiweka upande wa mvumbuzi, na kile alichojifunza kukichukia kikaja kuwa ni yeye. Fanon alimpinga pia Octave Mannoni, aliyezisoma ndoto za watoto wa Madagaska kwa alama za Freud. Bunduki ya askari Msenegali katika ndoto hizo, aliandika Fanon, si uume. Ni bunduki kwelikweli, Lebel ya 1916. Madagaska ilikuwa imetoka kwenye maasi ya 1947 na ukandamizaji wake. Kabla hujauliza alama inaficha nini, hakikisha kitu chenyewe hakikuwa mlangoni.

Na usidhani Freud alipita Afrika bila kupimwa. Marie-Cécile na Edmond Ortigues, waliofanya kazi Dakar kati ya 1962 na 1966, walikuta kwamba kijana hampingi baba kama vitabu vya Vienna vilivyotarajia. Baba amesimama karibu na wazee waliotangulia, hafikiki, na ushindani huelekezwa kwa ndugu na rika. Walihitimisha kwamba fundo la Edipo, yaani mtoto kumtaka mama na kushindana na baba, lipo, ila limekaa kwa namna nyingine.

Wanasayansi wa ubongo nao wanasema mengi hufanyika bila sisi kujua. Je, hilo si kumthibitisha Freud? Msomaji, Nairobi.

Hapana, na kuyachanganya haya mawili ni kosa linalotuudhi kila tunapokutana nalo. Mwaka 1911 Édouard Claparède wa Geneva alieleza habari za mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Alificha pini mkononi akamchoma wakati wa kusalimiana. Baadaye mama huyo alikataa kumpa mkono na hakuweza kusema kwa nini. Huyo alijifunza bila kujua, lakini hakuna aliyekandamiza kitu: njia ya kukumbuka ilikuwa imeharibika. Ujuzi wa aina hii, kama ule wa kuendesha baiskeli, haujifichi wala haukwepi ukiutafuta. Cha Freud kinakinzana nawe. Ukitaka kumthibitisha Freud, ni huo ukinzani unaopaswa kuoneshwa.

Mimi ni mwalimu mshauri, Kakamega. Nataka kutumia jaribio la maneno la Jung kwa wanafunzi. Linafanywaje?

Jung alilifanya Burghölzli kwa orodha ya maneno 100. Orodha aliyoionesha Marekani inaanza na maneno ya kawaida: kichwa, kijani, maji, kuimba, mfu, refu, meli, kulipa. Unasoma neno moja, mwenzako anajibu kwa neno la kwanza linalomjia, nawe unapima muda kwa saa ya kusimamisha. Jung alihesabu kwa sehemu za tano za sekunde. Orodha ikiisha unairudia yote, na safari hii anajaribu kukumbuka alijibu nini.

Dalili za fundo la hisia ni hizi: kuchelewa kuliko kawaida yake mwenyewe, kukosa jibu, kulirudia neno lako kabla ya kujibu, kucheka au kukohoa, kujibu kwa sentensi nzima, na kusahau jibu katika mzunguko wa pili. Dalili moja haitoshi. Tafuta maneno ambayo dalili mbili au tatu zimekutana, na utazame pia neno linalofuata, kwa sababu mshtuko mara nyingi humwagikia jibu la mbele. Kawaida yake uipate kwa kupanga nyakati zote toka fupi hadi ndefu na kuchukua ya katikati. Wastani wa kawaida utapotoshwa na ucheleweshaji mmoja mkubwa.

Orodha ya Kijerumani usiitafsiri kibubusa. Toa maneno yenye maana mbili kama paa, kata na kaa, maana kuchelewa kwake ni kwa kuchagua maana tu. Toa maneno adimu. Mtoto anayefikiri kwa Kiluhya au Kiluo nyumbani atachelewa kwenye maneno ya Kiswahili cha darasani, na huko kuchelewa hakuna siri yoyote. Kaa naye peke yake, si mbele ya darasa.

Jambo moja tunalisisitiza. Jaribio linakuonesha mahali penye uzito, halikwambii uzito ni wa nini. Neno "kulipa" likimkwamisha mtoto, huenda ni karo, huenda ni deni la baba, huenda ni kisasi alichosikia jana usiku. Usimwambie umeona nini, wala usiandike matokeo kwenye faili lake la shule. Siku nyingine muulize maswali ya kawaida kuhusu nyumbani, na akikwepa, mwache akwepe. Kama ametaja kupigwa au kuguswa vibaya, jaribio limeishia hapo; fuata utaratibu wa shule wa ulinzi wa mtoto siku hiyohiyo.